Magoti Mekundu Sebuleni

Hata leo nikipita sokoni hapa Mpanda nikaona kopo la polishi nyekundu ya sakafu, hasira inanipanda mpaka utosini, na nyie mnaocheka chekeni tu, aibu ni yangu na nimeshaizoea.

Sebule yetu pale Ilembo ina sakafu ya mbao za mninga, mume wangu aliipiga mwenyewe enzi zile anafanya biashara ya mbao (anaisifia kuliko anavyonisifia mimi), na Jumamosi ile wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yetu Tausi. Wasukuma, watu wa ng'ombe na heshima zao, na Tausi alikuwa anampenda yule kijana mpaka chakula hakipiti. Basi nikasema zulia lifuliwe. Tulipolitoa, ala! Chini yake mbao nyekundu kama siku zilipowekwa, na pembeni kote zimepauka kwa jua la dirishani.

Ningenyamaza, kama si wifi yangu. Huyu ni dada wa mume wangu, alikuja kusaidia kupika (kusaidia gani, kuonja!), akasimama katikati ya sebule, mikono kiunoni.

"Wifi, sakafu yako imepakwa mkorogo! Huku nyeupe, huku nyekundu. Wakwe wataingia humu kweli?"

Mume wangu akasema zulia likikauka litandikwe, yaishe. Mvua nayo ikanyesha usiku kucha, asubuhi ya siku yenyewe zulia linachuruzika maji, na wifi ananitazama. Nikatoka mbio dukani nikanunua lile kopo, maana kwa mama yangu kule Kasekese ndilo tulilopaka kwenye sakafu ya saruji, unajiona uso.

"Hiyo ni ya saruji," mume wangu akasema. "Mbao hizi zina vanishi, haiwezi kuingia. Mpaka upige msasa kwanza."

Nikamwambia aniachie sebule yangu. Nikaichanganya polishi na mafuta ya taa isambae vizuri, nikapaka kona mpaka kona, na kwa kweli ilipendeza, rangi moja tupu, hata wifi alifunga mdomo. Nikagusa kwa kidole, kidole kikawa chekundu. Nikasema itakauka. Itakauka saa ngapi na wageni wako njiani, hilo sikujiuliza.

Sasa kwangu mtu haingii sebuleni na viatu, hata mchungaji wetu anavua, nimeshawafokea wengi. Wakwe wakavua vyote mlangoni, mshenga wao, mzee mmoja mpole, ana soksi nyeupe pee, wakapita wakakaa. Tausi akaitwa. Gauni la njano, jipya. Na binti anayetaka kuolewa na Wasukuma hasalimii wakubwa amesimama, kwa hiyo akapiga magoti kwa baba mkwe, akasogea akapiga magoti kwa mama mkwe, akasogea kwa shangazi yao, na alipoinuka, gauni limekuwa jekundu magotini, yule shangazi akapiga ukelele.

"Jamani, mtoto anatoka damu!"

Akavua khanga yake akamfunga Tausi kiunoni mbele ya wanaume wote, Tausi analia hajui ana nini, mshenga anainua mguu anaangalia soksi yake, na mimi nikajikuta nimesimama napayuka, "Sio damu! Ni polishi!" Halafu kutoka mlango wa jikoni ikaja sauti ya wifi: "Mimi nilimkataza!" Mwongo mkubwa! Ningekuwa na mwiko mkononi siku ile, tungezungumza mengine.

"Mama, tumekuja kwa heri," mshenga akasema taratibu. "Lakini neno la ndoa hatulisemi na miguu ya hivi. Tutarudi."

Wakaondoka, nyayo nyekundu mpaka kwenye ngazi. Nilimkasirikia wifi, nikaikasirikia mvua, nikamkasirikia mume wangu kwa kukaa kimya tu. Tausi alikuwa uani anasugua magoti.

"Mama, walikuja kuniangalia mimi," akasema. "Wewe ulidhani wanakuja kuangalia nini?"

Nikamfokea. Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko yote.

Walirudi, Mungu mkubwa. Tulikuwa tumeshaikwangua polishi, mbao zimerudi na rangi zake mbili vilevile. Mshenga akasimama mlangoni, akaitazama sakafu, akanitazama mimi.

"Karibuni, pamekauka," nikasema.

Hakuna aliyevua. Wakapita mmoja mmoja na katambuga zao za matairi, na matope ya njia nzima, juu ya mninga wa mume wangu, krr, krr, na mimi mdomo umejaa maneno nayameza. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Posa ikapokelewa, Tausi akacheka tena. Tangu siku hiyo nimeapa, mgeni akiinama mlangoni kufungua kamba za viatu, namshika mkono: ingia navyo, baba, ingia navyo.