Kingo za kitanda cha bibi

Jamani, leo nusura nimuumize bibi yangu kwa kitu nilichomtengenezea kwa upendo.

Mwezi uliopita alianguka kutoka kitandani, huku kwetu Masoko. Nikamwita fundi seremala, akapigilia kingo za mbao pande zote mbili. Nikamwambia bibi akitaka kushuka aniite.

Hakupenda. "Kwani mimi ndama, unifungie zizini?"

Nikacheka tu. Nilijiona mjukuu wa maana kweli.

Leo asubuhi nilikuwa shambani nachuma kahawa. Bibi akabanwa na haja. Akaniita, sikusikia.

Basi akaamua kupanda ule ukingo! Mguu mmoja ukavuka, wa pili ukanasa. Akabaki ananing'inia, kichwa kinaelekea sakafuni.

Mama Asha, jirani yetu muuza vitenge, alikuwa anapita. Akasikia kilio, akatupa mzigo wake njiani, akaingia mbio, akamdaka.

Nilipofika niliwakuta wamekaa chini wameshikana mikono. Bibi hana hata mchubuko.

Nikataka kufoka. Akaniwahi: "Mjukuu wangu, ungeniuliza kwanza kwa nini huwa naamka."

Kweli, sikuwahi kumuuliza.

Jioni hii fundi ameng'oa kingo na kufupisha miguu ya kitanda. Bibi akikaa, nyayo zinakanyaga sakafu. Ndoo ya haja iko karibu, na godoro langu nimelihamishia chumbani kwake.

Mama Asha, ndaga fijo. Asante sana, mama.

Nyie wenye wazee nyumbani, mnafanyaje?