Siku Kumi za Mbwa wa Akko

Mwaka ule wa vita vya shifta, waasi wa kaskazini, nilichanja mbwa wengi kuliko ng'ombe. Nilikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, Mmeru niliyeteremshwa Isiolo na serikali, na kazi niliyosomea ilikuwa ya ng'ombe. Lakini ng'ombe walikuwa wanakwisha. Wengine walipigwa risasi, wengine waliibwa, wengine walikonda mpaka wakaanguka ndani ya kambi ambamo watu walifungiwa pamoja na mifugo yao, bila malisho. Mbwa ndio waliobaki. Walifuata watu mpaka mjini, wakazagaa nyuma ya kichinjio na kando ya soko la miraa. Halafu bweha akaingia mchana kweupe hadi karibu na kisima, akamuuma punda, na baada ya wiki chache punda yule akaanza kujing'ata miguu yake mwenyewe. Amri ikatolewa kwamba kila mbwa achanjwe dhidi ya kichaa na avishwe kibati shingoni. Asiye na kibati angepigwa risasi.

Kabla ya vita watu wangewaleta mbwa wao ofisini, wakapanga foleni, kazi ikaisha kwa siku mbili. Sasa hakuna aliyetaka kusimama mbele ya ofisi ya serikali, maana watu kumi wakisimama pamoja askari walikuja kuuliza wamekusanyikia nini. Mkubwa wangu akaniambia niwafuate nyumbani kwao. Mwenzangu alikuwa amehamishwa, na hakuna aliyeletwa badala yake.

Basi kila asubuhi nilichemsha sindano jikoni, mke wangu akinisogezea sufuria, nikatoa chanjo kwenye friji ya mafuta ya taa, nikaitia ndani ya chupa ya chai iliyofungwa gunia bichi, nikapanda baiskeli. Kila nyumba nilisema maneno yale yale. Funga mdomo wake kwa kitambaa. Mshike nyuma ya masikio, usimwangalie machoni. Mtoe kupe kila jioni. Usimpe matumbo mabichi, atapata minyoo. Mwekee maji safi, hata kama ni kikombe kimoja. Nilisema hivyo kwa nyumba za Waturkana, za Wameru wenzangu, za Waborana, mpaka sauti yangu ikawa kama ya mtu mwingine anayesoma karatasi. Jioni, kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje, nilirudi na mikono inayonuka spiriti na manyoya, nikala kidogo, nikalala na viatu.

Siku niliyoumwa na mbwa nilikuwa nimeshachanja mbwa kumi na saba. Wa kumi na nane alikuwa katika uwanja wa mzee mmoja mwenye malori. Mzee huyu alikuwa Mwislamu wa zile jamaa zilizoletwa Isiolo na babu zao waliokuwa askari wa Mwingereza. Malori yake yalikuwa yamesimama kwa kukosa ruhusa ya safari, na nyuma ya uwanja alikuwa amempa chumba mama mmoja mzee wa Kiborana kutoka upande wa Garbatulla. Kila mtu pale alimwita Akko, yaani bibi. Mzee alinieleza kwamba Akko alikuwa na ng'ombe na mbuzi wa kutosha, na sasa hana hata mmoja. Mume wake alitoka kutafuta ngamia na hakurudi. Alipopandishwa lori kuja mjini alimficha mbwa ndani ya shuka lake, kati ya wanawake wengine, na hakuna aliyemsema.

Mbwa mwenyewe alikuwa wa rangi ya vumbi, sikio moja limepasuka. Kwa kuwa hakuwa tena na mbuzi wa kuchunga, kila asubuhi alikwenda kulala mbele ya magurudumu ya lori na kuyachunga. Mzee alikuwa amemwacha akae, ingawa kwa dini yake mbwa ni najisi na hakuwahi kumgusa.

Kosa lilikuwa langu. Akko alikuwa bado anatafuta kitambaa cha kumfunga mdomo, nami sikungoja. Nilikuwa nimechoka, jua limeanza kushuka, na nilitaka kumaliza. Nilipiga goti, nikamshika paja, na kabla sindano haijaingia alinigeukia akaniuma hapa, chini ya kidole gumba. Sindano ya kioo ikaanguka ikapasuka.

Niliosha kidonda kwa sabuni na maji ya pipa, nikaendelea kuosha kwa muda mrefu kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, na pia kwa sababu sikutaka kuinua uso. Akko alikuwa ameketi chini, amemkumbatia mbwa shingoni. Alijua sheria. Mbwa asiye na kibati akiuma mtu, tena mtu wa serikali, polisi wangeitwa na mambo yangeisha kabla ya magharibi.

Mzee akaniuliza polepole, "Daktari, sasa utaandika nini?"

Nilimwambia kuna njia mbili. Auawe, kichwa kipelekwe kupimwa. Au afungwe mnyororo siku kumi. Akiwa na kichaa, siku hizo hatazimaliza. Akizimaliza akiwa mzima, basi na mimi ni mzima.

"Na wewe unataka ipi?"

Nilikuwa nimeona wanyama wengi wakipigwa risasi mwaka ule. Nilimwambia nitaandika siku kumi.

Mzee alimtafsiria Akko. Lakini kumfunga mbwa kulihitaji mikono zaidi ya miwili. Mimi nilikuwa natoka damu, na Akko hakuwa na nguvu za kuvuta mnyororo. Mzee alisimama akatazama, kisha akavua kofia yake, akaiweka juu ya bodi ya lori, akaenda akamshika mbwa mwenyewe. Walipomaliza alikwenda kwenye pipa akanawa mikono mara saba, mara moja kwa udongo, kama dini yake inavyoagiza. Aliniomba nisimtaje kwa watu kwa jambo lile, nami sikumsema mpaka alipofariki.

Kesho yake nilianza sindano za hospitali. Zilikuwa kumi na nne, moja kila siku, ndani ya tumbo. Mganga aliyenichoma alikuwa mtu wa utani, akaniambia nifungwe mdomo kwa kitambaa kwanza. Sikuweza kucheka. Tumbo lilivimba madonge, nikawa natembea nimeinama, na bado niliendelea na nyumba za watu kwa sababu chanjo ingeharibika.

Mke wangu alivumilia siku tatu. Siku ya nne alifunga nguo za watoto.

"Ungemwita polisi, ungejua leo kama ni mzima au si mzima," aliniambia. "Umetuweka sisi wote tungoje mbwa wa mtu."

Alisema kweli. Alipanda lori la miraa lililokuwa likirudi Meru tupu, na watoto wakanipungia mkono kutoka nyuma.

Kila asubuhi, kabla ya kazi, nilipita uwanjani kumtazama mbwa. Nilimwangalia kama anameza mate, kama anakunywa maji, kama sauti imebadilika. Akko alinipa chai katika kikombe cha bati, tukakaa. Hatukuwa na lugha moja. Yeye aliendelea kumtoa kupe, mmoja mmoja, akiwaponda kwa jiwe.

Siku ya sita mbwa alikataa chakula. Alikataa na maji pia. Alilala kichwa kimegeukia ukuta. Nilichuchumaa mbele yake, hata madonge ya tumbo sikuyasikia. Siku hiyo sikuchanja mbwa yeyote. Nilikaa pale hadi saa za kurudi nyumbani, na mzee aliketi pamoja nami, akaenda kuswali, akarudi akaketi tena. Akko aliweka maji mbele ya mbwa, akayamwaga yalipopata vumbi, akaweka mengine.

Asubuhi ya saba nilimkuta anakunywa. Mpaka leo sijui alikuwa na nini. Pengine mnyororo ulimchosha. Mzee alisema, "Alhamdulillahi," na Akko akaenda kupika chai.

Siku kumi zilipokwisha mganga aliniambia sindano zilizobaki hazina haja. Nilichemsha sindano nyingine nikaenda uwanjani. Safari hii nilingoja. Akko alimfunga mbwa mdomo kwa upindo wa shuka lake, akamshika nyuma ya masikio, akawa anamsemesha kwa Kiborana kwa sauti ya chini muda wote. Dawa iliingia, mbwa hakutikisika. Nikamvisha kibati. Nilimuuliza mzee Akko alikuwa akisema nini.

"Anamhesabia ng'ombe," alisema. "Kila mmoja na rangi yake."

Niliandika ripoti mistari minne. Msimu ule hakuna mtu wa mjini aliyekufa kwa kichaa cha mbwa, angalau ninavyojua mimi. Nasema hivyo kwa sababu watu walikuwa wanakufa kila upande, na si kila kifo kiliandikiwa sababu. Watu waliporuhusiwa kurudi kwao, Akko alipanda lori la kwanza la mzee kwenda Garbatulla, na mbwa akapanda naye, safari hii akiwa wazi juu ya magunia.

Mke wangu nilimwandikia barua. Alirudi baada ya mwezi na nusu, mvua zikiwa zimeanza. Aliwaacha watoto na mizigo mlangoni, hakunisalimu, akaniambia niinue shati alione tumbo. Alilibonyeza kwa vidole pale madonge yalipokuwa, moja baada ya jingine, akauliza kama bado yanauma. Nikamwambia kidogo. Akaenda kuwasha jiko.