Jitu Nililolitoa Kwenye Sinema

Kuna Jumapili moja ya Nakivale, kambini kule Uganda, ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo nitakusimulia kwa kuwa umekuja kuniambia unataka kutengeneza sinema. Kaa. Chai ikipoa, ipoe.

Jirani yetu Baba Neema alikuwa mkulima, mkimbizi wa Kivu ya Kusini kama sisi. Kwetu mtu huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, hata kama mtoto huyo hayupo tena. Neema alibebwa na maji walipokimbia vita. Mama yake alikuwa ametangulia kuvuka mto, akaambiwa hivyo, nasi tukaambiwa hivyo.

Mzee huyu aliandika riwaya ndefu, madaftari kumi na manne: jitu la mtoni linamnyakua binti, na baba anamtafuta katika nchi saba zisizo kwenye ramani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu nilipoigeuza kuwa sinema, sehemu ya kwanza, pamoja na mpiga video za harusi wa Mbarara. Jitu tulilishona kwa mikeka. Mkeka ukaanguka likitembea, watu wakacheka hadi machozi. Niliona aibu, na aibu ile ndiyo iliyonipoteza.

"Hii jitu tuitoe, nyabo," mpiga video aliniambia; kwao nyabo ni bibi. "Watu wanataka kitu ya ukweli."

Basi sehemu ya pili nikaiandika yenye giza, ya kuchimba moyo wa yule baba. Humo anakiri kwamba jitu halikuwapo kamwe: aliuachia mkono wa binti ili ajiokoe. Nilijiona fundi kweli! Nikamsomea Mzee shambani kwake. Akalisimika jembe lake ardhini.

"Mutoto yangu, acha jitu ibakie," akasema. "Kama jitu haiko, ni nani alibeba mutoto?"

Nikamwambia majitu yamepitwa na wakati. Akaniomba tena siku nyingine, njiani tukienda kuchota maji. Nilidhani ni wivu wa mwandishi. Nilijua kitabu kile kilikuwa cha kumlilia Neema, lakini mkono ulioachiwa nilidhani nimeubuni mimi.

Tukaionyesha baada ya ibada, kwenye kibanda cha video. Safari hii hakuna aliyecheka, nikafurahi, Mungu anisamehe. Mkono ulipoachiwa, Mama Neema akamgeukia mumewe.

"Baba Neema, ni weye ulimuachilia?"

Angekana, sote tungemwamini. Hakukana. Alitazama viatu vyake.

Mama Neema akajifunga kitenge chake, akaenda kwa dada yake karibu na Kabazana, na hakurudi. Mzee alipika mwenyewe na kulima mwenyewe mpaka alipokufa. Daftari la kumi na tano hakuliandika. Mbarara waliisifu sana sinema yangu, na sifa zile nazichukia mpaka leo. Msamaha sikumwomba. Nilikuwa nikimwona njiani nageuza uso, mimi, niliyejidai napenda ukweli.

Mwanangu, ukikabidhiwa hadithi ya mtu, usikitoe kitu kwa sababu kinakutia aibu wewe. Muulize kwanza kinamsaidia nini yeye. Akikuomba mara mbili ukiache, kiache, hata sinema ikikuharibikia. Watu watacheka, watakwenda nyumbani, watakula.

Mungu akupe macho ya kuona, akupe na huruma ya kunyamaza. Na siku utakapoonyesha sinema yako, kila mke aliyeingia na mumewe atoke naye.