Waliokataa Nikosee

Semina nimehudhuria nyingi, na nyingi sikumbuki hata zilihusu nini. Nakumbuka chai ya saa nne na picha ya pamoja. Lakini ile ya mfumo mpya niliitaka kwa moyo wote, na nilikwenda nikiwa na hofu.

Nafundisha utunzaji wa kumbukumbu za afya katika chuo kimoja hapa Bukoba. Mtu asiyeijua kazi hii hudhani ni kupanga makaratasi kwenye kabati. Sibishani naye tena. Ila faili la mtoto mmoja likifika kwa daktari anayemtibu mtoto mwingine, dawa iliyowahi kumdhuru anayetibiwa anaweza kupewa tena, kwa kuwa faili lililo mezani si lake. Hilo ndilo ninalowafundisha vijana mwaka baada ya mwaka: tafuta kwanza kabla ya kusajili, na ukikuta majina mawili yanayofanana, usiguse kitu mpaka umeuliza kijiji na jina la mama.

Hospitali zikaanza kuacha karatasi. Wanafunzi wangu wakawa wanarudi kutoka mazoezini wakizungumza mambo nisiyoyajua, na mimi naitikia kwa kichwa. Kisha mtaala ukabadilika, tukaambiwa kuanzia muhula unaofuata somo langu litafundishwa kwenye kompyuta. Walimu tukapewa semina ya wiki moja. Jioni ile, chumbani kwangu Kashai, nilijiambia kwamba nitaujua mfumo huo hata kama ni kwa kulia.

Mwezeshaji alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Nilipomwona amesimama mbele na kidude chake cha kuoneshea ukutani, nilijisikia fahari kama vile nimemzaa mimi. Yeye aliponiona aliacha kila kitu, akaja mpaka mezani kwangu, akapiga goti sakafuni na gauni lake zuri lile.

"Shikamoo, mwalimu waitu."

"Marahaba, mwana wange."

Waitu kwetu Wahaya ni neno la heshima, na ukumbi mzima ukatutazama kwa upendo. Nilifurahi. Ningekuwa na akili ningeanza kuogopa pale pale.

Huku kwetu mtoto akimwona mkubwa amebeba kitu, humpokea. Haulizi. Kaagya nilikozaliwa, mama yangu hakuwahi kuingia nyumbani na kikapu kichwani kama kulikuwa na mtoto wa jirani njiani. Ni desturi nzuri na wanangu nimewalea hivyo hivyo, kwa kiboko pale ilipobidi. Sikujua tu kwamba mtu anaweza kupokewa hata kipanya cha kompyuta.

Zoezi la kwanza lilikuwa kumtafuta mgonjwa. Nikashika kipanya, kile kimshale kikaenda kila mahali isipokuwa nilipokituma. Kabla sijatulia, kijana aliyekaa kushoto kwangu, mwalimu wa chuo kingine, akanyoosha mkono.

"Lete, mama. Usihangaike."

Akabonyeza, akabonyeza tena, kazi ikaisha. Mwezeshaji akapita nyuma yetu, akatazama kioo na kusema, "Safi sana, mwalimu." Safi nini? Nani safi? Sikuwa nimegusa kitu.

Siku ya pili nikahamia meza ya mbele, mbali na yule kijana mwenye huruma. Huko akanipokea mwezeshaji mwenyewe. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, niache nikosee. Nikikosea nitajua." Akacheka kwa aibu ya kweli kabisa.

"Nikuacheje uhangaike mbele za watu, mwalimu? Watasema mimi ni mtoto wa namna gani?"

Mimi ndiye niliyemfundisha adabu.

Siku ya tatu nilipandwa na hasira. Mimi ni mwepesi wa hasira, na waliopitia darasani kwangu wanalijua hilo. Mkono wa mtu ulipokuja tena juu ya wangu, nilipiga meza na kusema, "Mniache!" Mtu akaniletea chupa ya maji, mwingine akafungua dirisha, na mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba mama amechoka, tusimchoshe zaidi. Kuanzia hapo sikukiona tena kipanya. Nilikunywa maji yale pamoja na hasira yangu, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumlaumu. Wote walikuwa wananipenda.

Ijumaa tukapewa vyeti. Alama zangu zilizidi za yule kijana wa kushoto, ambaye mazoezi yangu ya siku ya kwanza aliyafanya yeye. Tukapiga picha. Akaunti ya mafunzo ikafungwa siku hiyo hiyo, kwa hiyo hata kujifunza mwenyewe baadaye, polepole, nikiwa nimejifungia chumbani, haikuwezekana.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wa chuo. Sikuzunguka mbuyu.

"Mkuu, cheti hiki si changu. Mfumo ule siujui."

Akaegemea kiti chake na kucheka kicheko kirefu. "Wewe mwalimu nawe! Unyenyekevu umekuzidi. Taarifa ya semina ninayo hapa, na wamekusifu." Nikamwambia tena kwamba sijui. Akanipa pole ya uchovu, halafu akanipanga kuongoza wanafunzi wa mwaka wa pili kwenda kufanya mazoezi katika hospitali moja Muleba. Nilitoka ofisini mwake nikiwa mnyonge kuliko nilivyoingia. Mtu akificha ujinga wake anaweza kuumbuliwa. Mimi wangu niliutangaza na hakuna aliyeupokea.

Muleba tulifika asubuhi, mvua imeanza kidogo kidogo. Foleni ya wagonjwa ilikuwa imeshafika nje ya baraza. Mtunza kumbukumbu wa hospitali, bwana mchangamfu, alifurahi kuona mwalimu kaja na watu wake. Akafungua mfumo, akanivutia kiti.

"Karibu, mwalimu. Basi mimi ngoja nikanywe chai, maana leo hospitali imepata wenyewe."

Nikamwomba abaki. Akadhani natania.

Nilikaa. Wanafunzi wakasimama nyuma yangu na madaftari yao. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mtoto mdogo wa kike anayechemka homa, amelala begani kwa mama yake. Nikamwuliza mama jina la mtoto, nikaliandika herufi moja baada ya nyingine, kwa kidole kimoja. Hapo peke yangu, bila mkono wa mtu, nilimwona mgonjwa akitokea kwenye kioo. Moyo uliniruka kwa furaha. Wakatokea wawili. Jina lile lile, umri karibu sawa, mmoja wa Nshamba, mwingine wa Kamachumu.

Nilijua la kufanya. Hili hasa ndilo somo langu! Nikageuka niwaambie wanafunzi: mnaona, hapa ndipo mnapoacha kila kitu na kumwuliza mama. Huku nyuma foleni ikanung'unika, mtoto akakohoa, na msichana mmoja wa darasa langu, mpole na mwenye bidii, akainama kando yangu.

"Lete, mwalimu. Pumzika."

Akanipokea. Nilipogeuza uso kwenye kioo, majina yale mawili hayakuwepo tena. Kulikuwa na ukurasa mwingine kabisa, namba imeshatoka, na mama ameshaelekezwa chumba cha daktari. Msichana alikuwa tayari anamwita mgonjwa wa pili.

Niliinuka, nikamkimbilia yule mama kwenye baraza. Nikamwuliza anatoka wapi.

"Kamachumu, mwalimu."

Nikarudi mbio. Kama lingekuwa faili la karatasi, ningefunua la mtoto wa Kamachumu na kutazama ukurasa wa mwisho kama una tarehe ya leo, basi, yamekwisha. Humu ndani ya kioo sikujua ukurasa wa mwisho uko wapi. Nikamwambia msichana arudishe nione. Akarudisha kitu, safu za maneno zikapanda na kushuka haraka kuliko macho yangu, kisha akaniangalia kuona kama nimeridhika. Sikujua nilichokuwa nakitazama. Mtunza kumbukumbu alikuwa bado kwenye chai yake.

Ikabaki kumwuliza tu. Nikainama karibu naye, nikalainisha sauti ili asiogope.

"Yule mtoto, ulimchagua wa Kamachumu?"

"Ndiyo, mwalimu."

Nikashusha pumzi. Lakini alikuwa amejibu upesi mno, kabla sijamaliza, akiwa ameinamisha kichwa kwa heshima jinsi anavyonijibu kila siku. Kule mwisho wa baraza niliona mlango wa daktari ukifunguliwa na yule mama akiingia na mwanawe begani.

"Au ulimchagua wa Nshamba?"

"Ndiyo, mwalimu."