Kibuyu cha Majivu

Saa kumi na moja alfajiri mvua ya kwanza ya msimu iligonga bati la jirani, kisha nyasi za paa letu, na harufu ya udongo uliolowa ikaingia chumbani nilikolala. Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi kijiji cha Runazi, baba alitoka Shinyanga, mama alizaliwa katika familia ya wakimbizi wa Burundi. Mihogo ilikuwa imekwisha, na kilichobaki ni kibuyu cha mbegu za maharage kilichoning'inia jikoni, juu ya mafiga. Kwetu mbegu huchanganywa na majivu ili isiliwe na wadudu, kwa hiyo anayechungulia mdomo wa kibuyu huona majivu tu. Baba alikuwa amepiga marufuku mkono wowote kuingia humo. "Mbegu haichotwi," alisema. "Akiba haiozi."

Miezi yote ya njaa baba alirudi jioni na kikombe cha maziwa kwa ajili ya mama, aliyekuwa akimnyonyesha mdogo wangu. Alisema ni ujira wa kibarua. Mama naye alimwekea bakuli la maharage, akisema jirani amemhurumia. Sisi watoto tuliambulia mchuzi.

"Mama Kabula, huyo jirani yako anapika kama wewe kabisa. Hata chumvi anasahau!"

"Kula, Baba Kabula. Mwenye haya hula kimya."

Asubuhi ile ya mvua majembe yalikuwa tayari mlangoni. Mama alikiteremsha kibuyu, akakaa nacho mapajani bila kukifungua. Baba hakumhimiza, alitazama nje. Hatimaye mama akakimimina kwenye ungo. Yalitoka majivu, yakatoka tena majivu, na mwishoni punje ambazo hazikujaza kiganja.

"Ni mimi," baba alisema. "Hakuna aliyenipa kibarua. Nilikuwa nikibadilisha mbegu kwa maziwa, halafu najazia majivu."

"Usinitetee, Baba Kabula. Hakuna jirani aliyepika. Nimechota mimi, nikajazia majivu mimi."

Hakuna aliyecheka. Kila mmoja alikuwa amelishwa mbegu zake mwenyewe kwa mkono wa mwenzake, na kila jioni alikuwa ameshukuru. Wangeibiwa na mtu mwingine, angalau wangekuwa na wa kumlaani. Nje, shamba lililokwisha kulimwa lilikunywa mvua bure.

Siku hiyohiyo baba aliondoka kwenda Murukulazo, Ngara, kulima mashamba ya watu ili apate fedha za mbegu. Homa ilimkuta huko, akazikwa hukohuko. Aliyelima naye alituletea fedha alizoacha, wakati wa kupanda ukiwa umeshapita. Mama alizitia katika kibuyu kilekile, akazifunika kwa majivu. Msimu uliofuata nilimsihi anunue mbegu. "Mbegu haichotwi," alinijibu, akaenda kulima kwa watu kama mumewe.

Siku hizi nanunua mbegu zilizopakwa dawa, na mume wangu anajua kila kilichomo ghalani. Hatufichani kitu, wala sijui kama yeyote kati yetu angelala njaa kwa ajili ya mwenzake. Mama alipofariki nilikimimina kibuyu kwenye ungo. Noti zilikuwa nzima, hazikutobolewa na mdudu hata mmoja. Ni za toleo la zamani, ambalo benki haipokei tena. Jumla yake ni shilingi elfu kumi na mbili.