Ukungu Kwenye Kioo cha Baba

Baba yangu aliendesha malori miaka thelathini na minane bila kugonga hata kuku, mtaa ukampa jina la Mzee Breki. Alipostaafu alinunua mkweche wa gari la michezo la Kiingereza, la viti viwili na paa la turubai, lililonizidi hata mimi umri, akaufufua skrubu kwa skrubu. Marehemu Mama alikuwa akisema ameletewa mke mwenza mwekundu. Mimi, binti yake, ni fundi umeme wa magari, kazi niliyofundishwa na Baba mwenyewe, lakini kwenye usukani wa gari lile hata mimi sikuruhusiwa kukaa.

Baridi ya mwaka ule ilipoingia, akaanza kulalamika kwamba hita imekufa. Akikwaruza nguzo ya lango, ni ukungu kwenye kioo. Akimpita jirani bila salamu, ukungu. Akipanda ukingo wa barabara mbele ya duka la dawa, ukungu huohuo. Sikuona ajabu. Kwetu ni mlimani, na kama hita haipulizi hewa ya moto kiooni, asubuhi unaendesha kwa kubahatisha.

Kilichonikosesha usingizi ni Jumatatu. Alikuwa amemwahidi binti yangu wa miaka tisa kumpeleka shule ya bweni ng'ambo ya mlima, wao wawili tu, kwa barabara ya kona kumi na saba, upande mmoja mwamba na upande wa pili hewa tupu. Mtoto alishaitangaza safari hiyo kwa kila mwenye masikio. Jumamosi asubuhi nikasimama mbele ya Baba na kisanduku changu cha vifaa.

"Baba, naomba ufunguo. Mwanangu hapandi hilo gari kabla sijaiona hiyo hita."

"Iache tu, mama. Hita ya zamani hiyo, vipuri vyake havipatikani."

"Kama havipatikani, basi mtoto atapanda basi."

Akanipa ufunguo, bila kunitazama.

Nikalala chali chini ya dashibodi, miguu nje, tochi mdomoni. Maji ya moto kutoka kwenye injini yalikuwa yanafika kwenye hita vizuri. Mota ya feni nikaijaribu kwa waya wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, ikazunguka bila kinyongo. Basi nikaufuata waya wake kwa vidole, na mwisho wake ulikuwa unaning'inia. Haukuungua wala kukatika. Ulikuwa umechomolewa na kufungwa utepe mweusi, ncha ya utepe imekunjwa kidogo ili atakayekuja kuufungua asihangaike na kucha. Namjua mtu mmoja tu anayekunja utepe hivyo, na ndiye aliyenifundisha.

Nilikasirika. Nilidhani uzee umemwingia, kwamba alichomoa mwenyewe siku moja, akasahau, na sasa ananizungusha. Nikachomeka waya mahali pake.

"Imekubali," nikamwambia. "Twende tukaijaribu mlimani. Endesha wewe."

Alikaa kitambo ameshika usukani kabla ya kuwasha.

Hewa ya moto ilitujia magotini, kisha ikapanda kiooni. Kabla hatujafika kona ya kwanza kioo kilikuwa kikavu, naona mpaka viraka vya lami. Baba alikuwa ameinama mbele, kidevu karibu kiguse usukani. Kona ya kwanza aliikata vizuri, kwa mazoea. Ya pili akaipanua mno, gurudumu la upande wangu likatafuna kokoto za ukingoni. Nikashika mlango.

"Ukungu bado upo," akasema. "Hita yako haifanyi kazi."

Nikapitisha kidole kwenye kioo mbele yangu. Hakikulowa. Hapo ndipo nilipouelewa ule waya. Hakusahau kitu. Aliiua hita ili kioo kibebe lawama za macho yake.

Mbele yetu lori lilikuwa linashuka, taa zinawaka, limekula zaidi ya nusu ya barabara. Nikasubiri apunguze mwendo. Hakupunguza. Alikuwa analifuata lori lile uso kwa uso, ametulia kama mtu aliye peke yake barabarani.

"Baba, kushoto. Simama. Simama sasa hivi."

Alitii sauti yangu. Lori likatupita na honi ndefu, gari letu likatikisika, kisha kukawa kimya ila feni ya hita ikiendelea kupuliza.

"Lilikuwa kubwa?" akauliza taratibu.

"Lilikuwa kubwa, Baba."

Nikaanza kulia, na nililia kwa hasira. Siku mbili baadaye mimi ningekuwa jikoni nakunywa chai, na mwanangu ndiye angekuwa kwenye kiti hiki.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Lilianza jicho la kulia. Nilisema nimfikishe mtoto shule, halafu niache. Mara hii moja tu."

"Hiyo mara moja ndiyo imetupita sasa hivi."

Alishuka, akalizunguka gari akilipapasa kwa mkono, akakaa kwenye kiti ambacho hajawahi kukikalia. Nami nilishahamia kwenye usukani, nikageuza gari.

Njia nzima nilikuwa natunga uongo wa kumwambia mtoto: vipuri, mota, chochote. Sikutaka amwone babu yake amepungua. Tulipoingia uani mtoto alikuja mbio, akamkuta babu yake amesimama kando ya gari, mkono juu ya turubai.

"Babu, hita imepona?"

Nikafungua mdomo, Baba akaniwahi.

"Hita imepona," akasema. "Dereva ndiye mbovu. Jumatatu mama yako atakupeleka."

Mtoto akamtazama usoni. "Dereva anatengenezeka?"

Baba akacheka kidogo, akageuka ili aniachie mimi jibu. Aligeukia upande ambao sikuwapo.