Nilivyojiandika Msukaji wa Viondo Mia Tatu

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile Mwende aliponipigia simu kutoka Amerika. Nilikuwa dukani kwangu kwenye soko la Tulia, nafunga boksi la mwisho la viondo, vile vikapu vya mkonge. Mwende ni msichana wa jirani yetu, aliolewa huko, na alikuwa amefungua kaduka. Huu ulikuwa mzigo wake wa kwanza kwenda kwa meli. Viondo mia tatu na kumi na viwili. Nilivihesabu mara mbili, halafu tena, kwa sababu hesabu ya pili ilibishana na ya kwanza.

"Anko," akasema, "kuna habari lazima niwape watu wa forodha wa huku kabla mzigo haujapakiwa melini. Nani ameuza, nani amenunua, nani ametengeneza, umetoka nchi gani, na umeingizwa kwenye kontena wapi. Wanataka siku nzima kabla ya kupakiwa."

"Siku nzima ni nyingi. Tuseme nusu."

"Anko, hii si soko. Haipunguzwi."

Mimi sijawahi kuambiwa kitu hakipunguzwi nikaamini. Nikamwambia nitampigia, nikakaa siku tatu.

Usinicheke bado. Hayo mengine hayakunisumbua, hata mahali pa kontena wakala wetu wa mizigo wa Mombasa alishamtajia. Lililonikwama kooni ni hilo moja: nani ametengeneza. Viondo vilisukwa na kikundi cha kina mama wa Kathonzweni, huko Makueni. Na sisi wachuuzi tumekua tukijua kwamba mnunuzi haonyeshwi mlango unakonunua. Ukimwonyesha leo, kesho anapita kwako bila hata kusalimia. Mke wangu mwenyewe hakujua nilikuwa nanunua wapi. Nikajiambia, huyu Mwende amekuwa mjanja, hiyo fomu ni kisingizio tu.

Siku ya nne nikampigia. "Andika mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye nimesuka."

"Vyote?"

"Kwani sina mikono?"

"Anko, jina linalobaki kwenye hii fomu ni langu. Kama kuna uongo, mimi ndiye nitakayeulizwa."

"Andika, msichana. Mimi ni mtu wa kanisa."

Hapo Mungu anisamehe, kwa sababu mchungaji bado hajui.

Mwende akaandika, mzigo ukaenda. Lakini mimi bingwa wa kuhesabu mara mbili nilikuwa nimehesabu viondo kwa nje tu. Kina mama wa Kathonzweni wana desturi yao. Kila mmoja hushona kitambaa kidogo ndani ya kiondo, chini kabisa, chenye jina lake na la mahali pake, ili siku ya kukusanya wasigombanie kipi ni cha nani. Huko bandarini Amerika, maboksi yakafunguliwa kukaguliwa. Karatasi inasema mwanamume mmoja wa Tulia. Viondo vinasema Mutheu, Kathonzweni. Mbithe, Kathonzweni. Syombua, Kathonzweni. Waliendelea kusoma mpaka wakachoka.

Mzigo ukazuiwa. Kontena tulikuwa tumechangia, kwa hivyo na mizigo ya watu wengine ikangoja, watu wasionijua na ambao sina hamu wanijue. Mwende alikuwa amekodi meza kwenye soko la Krismasi la mji wao, na ametangazia kila mtu.

"Anko," akaniambia, na hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Niko na meza na sina cha kuweka juu yake. Nimeweka picha."

Ikabidi niende Kathonzweni kuchukua habari za kweli. Mkubwa wa kikundi alikuwa Kalondu, nyanya wa watu, sote tukimwita Susu, yaani nyanya kwa lugha yetu. Nikamweleza. Akanisikiliza huku akisokota nyuzi za mkonge kwenye paja lake.

"Kwa hivyo wewe ndiye umesuka."

"Susu, ilikuwa karatasi tu."

"Kunja suruali." Akanirushia nyuzi. "Sokota, tuone fundi."

Kina mama wote wakaacha kazi. Nilichotoa kilifanana na mkia wa panya mgonjwa. Walicheka mpaka Mbithe akashika ukuta. Susu hakucheka.

"Nimesuka tangu nikiwa msichana," akasema, "na hakuna mahali nimewahi kuandikwa kwamba nimetengeneza kitu. Leo serikali ya watu wa mbali inauliza ni nani, na wewe unajibu jina lako."

Nikatoa kalamu na karatasi bila kubishana. Mimi, mwanangu, ambaye nimewahi kubishana na muuza mbuzi wa soko la Mwingi kutoka asubuhi hadi saa nane.

Akanitajia jina la kikundi, kijiji, na la kila msukaji. Yeye hakujua kusoma, kwa hivyo akaniamuru nisome nilichoandika. Nikasoma. "Tena," akasema. "Si wewe ndiye wa mara mbili?"

Mwende akarekebisha fomu, mzigo ukaachiliwa, soko la Krismasi likiwa limeshafungwa. Viondo vikalala kwenye chumba chake cha kulala karibu mwaka. Alipoagiza tena, aliwapigia kina mama moja kwa moja. Lile nililoliogopa lilinifikia, na njia nimeionyesha mwenyewe. Susu akaniombea kwa kikundi kazi ya kufunga maboksi. Ndiyo kazi niliyo nayo mpaka leo.

Sasa wewe, juzi umekuja na simu yako, unajaza fomu ya mzigo wako, ukaniuliza, "Nikiandika tu bidhaa mbalimbali, si itapita?" Haki nilitaka kukukunjisha suruali. Sikia. Uliza wakala mapema inatakiwa nini na lini, na hiyo siku usijaribu kuipunguza. Andika kitu kwa jina lake, aliyekitengeneza kwa jina lake, na mahali kilipoingizwa kwenye kontena, hata kama hapakupendezi. Ukikosea, sema kabla hujaulizwa. Bei bishana nayo upendavyo, fomu iache. Na kabla ya kufunga boksi, angalia ndani, chini kabisa.

Mungu aibariki kazi yako, mwanangu. Mzigo wako ufunguliwe na yeyote, popote, ukukute umesema kweli, na meza ya anayekungoja isibaki na picha.